Grace Hopper: Aliyefungua saa saba ili aelewe moja

LAPTOPU ikigoma kuwaka, wengi wetu huipiga kofi kwanza, kisha tunailaumu chaja, na mwisho tunamlaumu fundi. Grace Hopper alikuwa na njia yake, na aliianza akiwa mtoto.

Alizaliwa New York, Marekani, Desemba 9, 1906. Akiwa na miaka saba alitaka kujua saa ya kengele hufanya kazi vipi. Akafungua moja, vyuma vikamwagika, kuirudisha ikawa shida. Basi akafungua ya pili aone ilivyopangwa. Nayo ikamshinda. Mama yake alipokuja kugutuka, saa saba za nyumba hiyo zilikuwa vipande. Hakumkataza kabisa. Alimwachia saa moja tu ya kuchokora.

Msichana huyo alisomea hisabati, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akawa mwalimu chuoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Akaambiwa umri umesonga, tena ni mwembamba mno: alipungukiwa na takriban kilo 7. Hakukubali. Aliomba ruhusa maalum na Desemba 1943 akaingia.

Mwaka 1944 alitumwa Harvard kwenye kompyuta iliyoitwa Mark I. Usifikirie laptopu hapo. Dude hilo lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa zaidi ya tani 4. Ndani yake mlikuwa na maelfu ya rilei, yaani swichi ndogo zinazovutwa na sumaku ya umeme. Ilipiga hesabu za jeshi usiku na mchana. Rilei moja ikikwama, jibu linatoka bovu, na hesabu bovu wakati wa vita si mchezo.

Kisha ikaja Mark II. Septemba 9, 1947, mashine hiyo ilikuwa na hitilafu. Mafundi waliikagua hadi wakafika paneli F, rilei nambari 70. Humo walimkuta nondo, yule mdudu anayependa taa, amenaswa. Walimtoa, wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi na kuandika kwa utani kwamba hatimaye mdudu halisi amepatikana. Utani ulitoka wapi? Kwa Kiingereza, hitilafu ya mashine ilikuwa ikiitwa mdudu tangu zamani. Thomas Edison alilitumia neno hilo mwaka 1878.

Wengi hudhani ni Hopper aliyemtoa nondo huyo. La. Ni wenzake. Yeye alikipenda kisa hicho na kukisimulia miaka nenda miaka rudi, ndiyo maana kikabaki na jina lake. Daftari lenyewe, na nondo wake, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Mwaka 1952 Hopper alikuwa na programu ya kutafsiri maagizo hadi lugha ya mashine. Watu hawakumwamini. Kwao, kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu tu, basi. Lakini kazi yake ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa lugha ya COBOL mwaka 1959, ambayo hadi leo ingali inatumika katika mifumo ya benki.

Alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa admirali wa miaka 79, akafariki Januari 1, 1992. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani.

Ofisini mwake alikuwa na saa iliyozunguka kinyumenyume, ila majira yake yalikuwa sahihi. Aliiweka kuwakumbusha watu kwamba jambo kufanywa vile vile tangu zamani si sababu ya kuendelea nalo. Kwa hivyo laptopu ikizima leo, weka kofi kando. Anza na soketi, kisha waya, kisha chaja, kisha betri, kimoja baada ya kingine. Na ukipata kilichoharibika, kiandike mahali.