Daktari Ringer na Maji ya Mfereji Yaliyofichua Siri ya Moyo

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kipindupindu hapa Pwani bila shaka ameuona mfuko wa dripu ulioandikwa Ringer's Lactate. Wauguzi huyaita maji hayo Ringer's tu, na wengi wetu hudhani ni jina la kampuni. Si kampuni. Ni jina la daktari wa Kiingereza, Sydney Ringer, aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo nataka nisimulie maisha yake, kwa kuwa nionavyo mimi, jambo kubwa alilolifanya halikuwa kugundua tu, bali kukiri mbele ya wenzake kwamba alichokwisha kukichapisha hakikuwa sawa.

Ringer alizaliwa katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, katika miaka ya 1830. Baba yake alifariki watoto wakiwa bado wadogo. Ndugu zake walishika njia ya biashara wakavuka bahari, na mmoja wao, Frederick, akawa tajiri mkubwa katika bandari ya Nagasaki, Japani. Sydney alifuata udaktari. Mwaka 1854 aliingia University College ya London, na hapo ndipo maisha yake yote ya kazi yalipopita, kwanza mwanafunzi, kisha daktari wa hospitali ya chuo, kisha profesa. Kitabu chake cha dawa na matibabu, kilichotoka mwara ya kwanza mwaka 1869, kilipendwa na madaktari hata kikachapishwa upya zaidi ya mara kumi.

Mtu wa cheo hicho angeweza kutosheka na wagonjwa wake na kitabu chake. Ringer hakutosheka. Kila alipopata mwanya, kabla ya kwenda wodini au baada ya kutoka, alipita kwenye maabara ndogo ya chuo, ambako alikuwa akifanya majaribio ya moyo wa chura. Moyo wa chura ukitolewa mwilini unaweza kuendelea kupiga kwa saa kadhaa, ilimradi upitishiwe maji yanayoufaa. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: ni kitu gani ndani ya damu kinachoufanya moyo upige?

Mwaka 1882 alichapisha jibu lake la kwanza. Moyo ulipopitishiwa maji yenye chumvi ya kawaida uliendelea kupiga vizuri, naye akaamini kwamba maji yaliyotumika ni yale yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, yasiyo na kitu kingine ndani yake. Baadaye majaribio hayo hayo yakaanza kumpa majibu tofauti. Moyo ulidhoofika upesi, kisha ukasimama. Ringer alifuatilia sababu mpaka akaipata. Maji ya mwanzo hayakuwa yamekenekwa. Yalikuwa maji ya mfereji. Inasimuliwa kwamba msaidizi wake wa maabara aliona ni kujisumbua bure kukeneka maji ilhali mfereji upo pale pale, na bwana mkubwa hatatambua tofauti.

Maji hayo yalikuwa ya kampuni ya New River, iliyotegemea mfereji mrefu uliochimbwa mapema katika karne ya 17 kuleta maji London kutoka chemchemi za wilaya ya Hertfordshire. Ardhi ya kule ni ya mwamba wa chokaa. Sisi wa Pwani hatuhitaji maelezo mengi hapo. Visima vyetu vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, na kila mama ajua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko ule kwa sehemu kubwa ni kalsiamu iliyotoka mwambani. Kalsiamu kama hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya maji ya London, nayo ndiyo iliyokuwa ikiuweka hai moyo wa chura bila Ringer kujua.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa profesa mwenye jina, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Badala yake, mwaka 1883 aliandika makala mapya katika jarida lile lile la fiziolojia, akaeleza wazi kwamba maji aliyoyatumia sivyo alivyodhani, na kwamba sehemu ya yale aliyoyasema mwanzo haikuwa sahihi. Kisha akaanza upya. Alichukua maji yaliyokenekwa kweli, akaongeza chumvi moja baada ya nyingine. Chumvi ya kawaida peke yake haikutosha. Alipotia kalsiamu kidogo, moyo ukarudi kupiga. Alipozidisha kalsiamu bila potasiamu, misuli ilikaza ikashindwa kulegea. Vyote vilipowekwa kwa kipimo chake, moyo ulipiga kwa muda mrefu. Mchanganyiko huo ndio ulioitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1930 daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, aliongeza laktate, na ndiyo dripu ambayo hadi leo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa sana na maji.

Kabla ya Ringer, kalsiamu ilijulikana zaidi kama kitu cha mifupa na meno. Wanasayansi waliomfuata wamekuja kuonyesha kwamba ndiyo mjumbe wa seli. Nje ya seli kuna kalsiamu mara 10,000 hivi kuliko ndani, kwa sababu seli huitoa nje usiku na mchana. Ishara ya umeme ikifika kwenye seli ya moyo, milango midogo hufunguka na kalsiamu kidogo huingia. Hiyo huamsha nyingine iliyo ghalani ndani ya seli, misuli hukaza, kisha kalsiamu hurudishwa na misuli hulegea. Hilo ndilo pigo moja la moyo. Kongosho nalo hutoa insulini kwa ishara ya kalsiamu, na utaratibu huo ukivurugika katika moyo, mapigo hupotea mpangilio.

Hata majumbani kwetu habari hii imeingia. Wazee wengi wenye presha hupewa amlodipine. Dawa hiyo huzuia ile milango ya kalsiamu katika misuli ya mishipa ya damu, mishipa hulegea, presha hushuka. Ndiyo maana anayeiacha kwa sababu tu anajisikia mzima, milango hufunguka tena na presha hupanda bila yeye kuhisi chochote.

Ringer alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1885, akastaafu mwaka 1900. Yeye na mkewe walikuwa wamempoteza binti yao angali mtoto, na kwa kumkumbuka mtoto huyo walilifanyia ukarabati kanisa la kale la kijiji cha Lastingham, huko Yorkshire. Alihamia kijijini humo uzeeni, akafariki Oktoba 1910, akazikwa hapo hapo.

Nami nina neno kwa walimu wetu wa sayansi. Watoto hufundishwa kwamba jibu lisilolingana na kitabu ni la kufutwa haraka kabla mwalimu hajaliona. Hata sisi watu wazima, awe kiongozi, mwanahabari au mzungumzaji wa baraza, tukishasema jambo hadharani ni heri tulitetee hadi usiku wa manane kuliko kusema tumekosea. Lau Ringer angefuta matokeo yake ya pili ili kulinda yale ya kwanza, hatujui kalsiamu ya moyo ingesubiri miaka mingapi. Mtakapofika kwenye somo la moyo, wasimulieni wanafunzi habari ya makala yale ya mwaka 1883, na siku mtoto atakapoleta jibu la ajabu kutoka maabara, kabla ya kumkosoa muulizeni kwanza maji yake aliyateka wapi.