Mzee wa Darasa

Nilipoingia mwaka wa kwanza nilikuwa na miaka 25, na wiki ya pili tu wenzangu wa hosteli walishanipa jina: Mzee. Kabla ya hapo nilikaa miaka minne stendi, nakata tiketi za mabasi na kupokea vifurushi. Semista ya kwanza ikaisha na sapu mbili. Siku matokeo yanatoka, bosi wangu wa zamani akapiga simu kuniambia kiti changu bado kipo, nikitaka nirudi.

Wiki hiyohiyo, maktaba, nikakutana na maisha ya Knute Rockne. Mchezo wake, ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi na kugongana kama mafahali, mpaka leo nauelewa nusu nusu. Lakini yule jamaa nilimwelewa haraka sana.

Alizaliwa 1888 huko Voss, Norway, akapelekwa Chicago akiwa na miaka 5. Sekondari hakumaliza. Akaajiriwa posta, kazi ya kuchambua barua, akaweka akiba miaka kama minne hivi. Mwaka 1910, ana miaka 22, akaingia chuo cha Notre Dame katika jimbo la Indiana. Chuo cha Wakatoliki, yeye Mlutheri. Wenzake vijana wadogo, yeye nywele zilikuwa karibu kuanza kumkimbia. Kujikimu, alisafisha maabara ya kemia. Alihitimu 1914 kwa alama za juu, akabaki hapohapo kufundisha kemia huku akimsaidia kocha Jesse Harper.

Jina lilikuwa limeshaanza kusikika. Kiangazi cha 1913 yeye na rafiki yake Gus Dorais walipata kibarua ufukweni Cedar Point, Ohio, wakaenda na mpira wao. Kila wakipata nafasi, Dorais anarusha, Rockne anadaka huku anakimbia. Pasi ya kurusha mbele ilikuwa ruksa tangu 1906, ila timu nyingi ziliidharau. Novemba 1 wakaenda West Point kucheza na timu ya jeshi, wakashinda 35 kwa 13. Watu husema wawili hawa ndio waliobuni pasi hiyo. Si kweli, ila waliwalazimisha wakubwa kuiheshimu.

Sasa njoo 1918. Harper anaacha kazi, anakwenda kufuga ng'ombe Kansas, na Rockne, miaka 30, anakuwa kocha mkuu. Sidhani kama kuna mwaka mbaya zaidi wa kukabidhiwa timu. Vita Kuu vinaendelea, vijana wanaitwa jeshini, mpaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaruhusiwa kucheza ili idadi itimie. Mmoja wao alikuwa Curly Lambeau, ambaye mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha Green Bay Packers. Mechi ya kwanza, Septemba 28, wakaifunga Case 26 kwa 6. Halafu homa ya mafua ikaingia, ile iliyoua mamilioni duniani. Oktoba nzima hakuna mechi. Sisi tuliofungiwa nyumbani 2020 tunajua ladha yake.

Novemba wakarudi. Wabash walikula 67 kwa 7. Wakatoka sare 7 kwa 7 na wanamaji wa Great Lakes, timu iliyokuwa na George Halas, mwasisi wa baadaye wa Chicago Bears. Wakafungwa 13 kwa 7 na chuo cha kilimo cha Michigan, wakaipiga Purdue 26 kwa 6, wakamaliza na sare tasa dhidi ya Nebraska. Mechi sita: ushindi tatu, sare mbili, kipigo kimoja. Kwa kocha mpya, hayo ni matokeo ya mtu anayeweza kuachwa kimyakimya.

Hawakumwacha. Mwaka 1919 alishinda mechi zote tisa, 1920 tena zote tisa. Katika misimu 13 alishinda mechi 105, akapoteza 12 na kutoka sare 5. Msimu wa 1929 mguu ulimuuma vibaya, mara nyingine akafundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na bado hawakufungwa hata mara moja.

Kuna jambo moja silipendi kwake, na sitalificha. Alikuwa fundi wa maneno, na ufundi ule mara nyingine ulivuka mpaka. Inasimuliwa kwamba 1922, kabla ya mechi na Georgia Tech, aliwaambia wachezaji mwanawe mdogo ni mgonjwa hospitalini. Wakashinda kwa uchungu. Walivyofika nyumbani, mtoto yuko stesheni, mzima, anarukaruka. Hata ombi la mwisho la George Gipp, nyota wake aliyekufa Desemba 1920, ambalo aliwasimulia vijana wake 1928 dhidi ya timu ya jeshi, wengi wanatilia shaka kama liliwahi kutamkwa. Lakini walishinda 12 kwa 6, na hekaya ikashinda zaidi.

Machi 31, 1931, akiwa safarini kwenda Los Angeles, ndege yake ilivunjika bawa juu ya mashamba ya Kansas. Bawa lilikuwa la mbao. Watu wote wanane walikufa. Alikuwa na miaka 43. Kelele za msiba ule zilichangia ndege za abiria za mbao kuachwa, zikaja za chuma.

Ninachorudia kusoma, hata hivyo, ni ile miaka ya posta. Hakuna anayeiandika kwa kirefu. Mistari miwili, basi. Mimi najua mkono unavyokuwa baada ya kupanga vifurushi mchana kutwa.

Simu ya bosi sijairudisha. Sapu ya kwanza ni Alhamisi, saa mbili asubuhi.