Christiaan Barnard: munganga aliyekwenda kujifunza moyo, kisha akarudi Afrika

UBUNDU (Tshopo) – Tarehe 3 Desemba 1967, mashariki ya Kongo ilikuwa imetoka tu katika vita vya mamluki, vilivyoitesa Kisangani mwezi wa saba na Bukavu hadi mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo habari moja ilitoka Cape Town, Afrika ya Kusini, ikazunguka dunia nzima. Daktari Christiaan Barnard alikuwa ametoa moyo wa mtu aliyefariki, akauweka kifuani mwa mtu mwingine, na moyo huo ukapiga.

Wengi wanamkumbuka kwa usiku huo mmoja. Lakini usiku huo ulitayarishwa miaka kumi mbele, alipokwenda mbali na kwao kujifunza ubingwa, kisha akarudi.

Habari hiyo inamhusu hata mkaaji wa Ubundu. Kutoka hapa hadi Kisangani ni kilomita 125 za reli, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu maporomoko ya Boyoma yanazuia mashua kupita. Mgonjwa ambaye moyo wake unapiga polepole kupita kiasi, anayezimia ghafla na kuanguka, lazima kwanza afunge safari hiyo. Akifika mjini, swali linabaki: nani amejifunza kumtibu?

Mtoto wa mchungaji

Barnard alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 huko Beaufort West, mji mdogo katika nchi kavu ya Karoo. Baba yake, Adam, alikuwa mchungaji Mzungu katika kanisa la machotara, na nyumbani hapakuwa na mali nyingi. Ndugu yake mmoja, Abraham, alikufa angali mdogo kwa ugonjwa wa moyo.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha akatibu watu wa kawaida katika mji wa Ceres kabla ya kurudi Cape Town. Huko alitafuta sababu ya watoto wengine kuzaliwa na utumbo uliozibika. Kwa majaribio ya mbwa, alionyesha kwamba utumbo unaharibika pale damu isipoufikia vizuri mtoto akiwa bado tumboni. Kazi hiyo ilisaidia kuokoa watoto wengi.

Ufadhili wa Minneapolis

Mwishoni mwa mwaka 1955 alipanda ndege kwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, katika Chuo Kikuu cha Minnesota mjini Minneapolis. Mkuu wa upasuaji pale alikuwa Owen Wangensteen. Mwanzoni Barnard aliendelea na mambo ya utumbo. Lakini katika jengo hilohilo aliona mashini ya moyo na mapafu, inayosukuma damu ya mgonjwa wakati moyo wake umesimamishwa ili ushonwe. Aliomba kuhamia kwenye moyo, akakubaliwa.

Mwalimu wake mpya alikuwa Walton Lillehei, mmoja wa watu wa kwanza duniani kufungua moyo na kuziba matundu ambayo watoto wengine huzaliwa nayo. Hapo mwanafunzi hakukaa darasani tu. Asubuhi alisimama karibu na mwalimu akishika vyombo, mchana alirudia kazi ileile juu ya mnyama, usiku alimlinda mgonjwa aliyepasuliwa. Barnard alifanya hivyo huku mikono yake ikianza kuuma: ni katika miaka hiyo aliambiwa ana ugonjwa wa viungo, ambao hautamwacha tena.

Siku umeme ulipokatika

Moyo una umeme wake mwenyewe. Unaanzia juu, unashuka kwa njia nyembamba katika ukuta wa katikati, na ndio unaouambia moyo upige. Lillehei alipoziba tundu katika ukuta huo, mara nyingine uzi wa kushona uliikata njia hiyo. Tundu limezibwa vizuri, lakini mapigo yanapungua na mtoto anakufa.

Mwaka 1957 walianza kuacha waya mwembamba katika nyama ya moyo, uliounganishwa na chombo kinachotoa umeme kidogo kila sekunde. Shida ni kwamba chombo chenyewe kilichomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika Minneapolis, na wagonjwa waliotegemea waya ule wakawa hatarini. Msomaji wa Tshopo hahitaji kuelezwa zaidi.

Lillehei alimwendea Earl Bakken, fundi aliyekuwa akitengeneza vyombo vya hospitali katika karakana ndogo ya gari. Wiki chache baadaye Bakken alileta kisanduku chenye betri, ambacho mtoto anaweza kukivaa akitembea. Betri za moyo zinazovaliwa zilianzia hapo, Barnard akiwa bado mwanafunzi katika hospitali hiyo.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1958 Barnard alimaliza, akiwa na shahada mbili za juu. Angeweza kubaki Marekani. Alirudi Cape Town, na Wangensteen akamsaidia kupata mashini ya moyo na mapafu kama msaada wa Marekani. Mwaka huohuo alianza kupasua moyo katika hospitali ya Groote Schuur. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kufundisha timu: wa usingizi, wa mashini, wauguzi, wapasuaji vijana, na mdogo wake Marius akiwa kati yao.

Ndiyo sababu mwaka 1967 timu ilikuwa tayari. Moyo wa Denise Darvall, msichana aliyegongwa na gari, ulishonwa katika kifua cha Louis Washkansky. Mwanzoni ulitetemeka tu bila kupiga. Waliupiga shoti ya umeme, ukashika mwendo wake. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Mgonjwa wa pili, Philip Blaiberg, aliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Mlango uliofungwa

Kuna upande wa giza. Katika maabara ya Cape Town alikuwako Hamilton Naki, Mweusi aliyeajiriwa kwanza kama mtunza bustani. Alijifunza kupasua wanyama kwa ustadi mkubwa, hata akawafundisha wapasuaji vijana. Magazeti kadhaa yaliandika baadaye kwamba alikuwapo katika chumba cha upasuaji usiku ule wa 1967, si kweli. Ukweli wenyewe unatosha kuumiza: sheria za ubaguzi zilimzuia kuwa daktari. Chuo kikuu kilimpa shahada ya heshima mwaka 2003, akiwa mzee.

Barnard alisema wazi kwamba anachukia ubaguzi, lakini alikula sifa za dunia akitoka nchi iliyoufanya kuwa sheria. Maumivu ya mikono yalimlazimisha kuacha upasuaji mwaka 1983. Alifariki tarehe 2 Septemba 2001 huko Paphos, Kupro, kwa shambulio la pumu, akiwa na miaka 78.

Kilichobaki

Kongo pia inaijua njia ya ufadhili. Baada ya uhuru wa 1960, nchi ikiwa karibu haina daktari wake mwenyewe, Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuwapeleka wasaidizi wa waganga Ufaransa wamalize masomo ya udaktari. Waliporudi, walishika hospitali zilizoachwa na Wabelgiji.

Leo, katika Groote Schuur ileile, madaktari vijana kutoka nchi nyingine za Afrika wamefundishwa kuweka betri za moyo, kisha wakarudi makwao. Kazi yenyewe haihitaji kufungua kifua: betri inawekwa chini ya ngozi, waya unapitishwa katika mshipa hadi ndani ya moyo. Inahitaji mtu aliyefundishwa, kifaa, na umeme usiokatika.

Kijana kutoka Tshopo akipata nafasi kama hiyo, mgonjwa wa Ubundu hatafutiwa safari ya reli. Lakini atakapofika Kisangani, atakuta mtu anayemngoja.