Daktari Robert Koch na Macho ya Wagonjwa

Katika miezi ya kiangazi upepo huvuma kwa nguvu katika nchi ya juu ya Mbozi hata Tunduma, penye mpaka wa Tanzania na Zambia, na vumbi la njia kuu huingia machoni mwa watu. Huenda mtoto akaamka asubuhi macho yake ni mekundu, na kope zimegandamana kwa tongo. Mganga mwenye maarifa, akiletewa mtoto wa namna hiyo, hampi dawa papo hapo. Kwanza huuliza ugonjwa ulianza lini, kisha huupindua ukope wa juu autazame kwa ndani. Hufanya hivyo kwa sababu wekundu wa macho si ugonjwa mmoja. Huweza kuletwa na vumbi, au na vijidudu vya namna mbalimbali, na dawa ya huu siyo dawa ya ule. Zamani watu hawakulijua jambo hili. Mmoja wa wale waliolifumbua ni Robert Koch, daktari wa Ujerumani, ambaye baadaye alifanya kazi katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal. Baba yake alikuwa na kazi ya migodi, na watoto wa nyumba ile walikuwa wengi. Alisoma uganga katika chuo kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka wa 1866. Mwaka wa 1872 akawekwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Huko hakuwa na wasaidizi wala vyombo vingi. Alikuwa na hadubini, na saa chache zilizobaki baada ya kuwatazama wagonjwa wake.

Katika wilaya ile ulikuwako ugonjwa wa kimeta, uuao ng'ombe na kondoo, na pengine wachungaji wao. Koch aliona katika damu ya wanyama waliokufa vijidudu vyenye umbo la vijiti. Wengine walikwisha kuviona kabla yake, lakini haikujulikana kwa hakika kama ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au vilifuatana nao tu. Basi alitaka kuviotesha nje ya mwili wa mnyama, apate kuona maisha yake yote. Akatwaa maji maangavu yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe aliyechinjwa, akatia humo vijidudu vile, akaviweka penye joto, akavitazama saa kwa saa. Akaona vikirefuka kuwa kama nyuzi, na ndani ya nyuzi hizo zikafanyika punje ndogo sana, ambazo huweza kukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Mwaka wa 1876 akawaonyesha mabingwa wa mji wa Breslau kazi yake, nao wakasadiki.

Tangu hapo jina lake likaenea. Akaitwa Berlin, na tarehe 24 Machi 1882 akawajulisha madaktari wenzake ya kuwa amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Mwaka uliofuata serikali yake ikampeleka Misri, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kikiwaua watu wengi huko. Alipokuwa Alexandria aliona ugonjwa mwingine ambao wenyeji walikuwa wameuzoea, nao ni ugonjwa wa macho. Madaktari wa Ulaya waliuita kwa jina moja, kana kwamba ni kitu kimoja tu. Koch hakuridhika na jina. Akatwaa usaha wa macho ya wagonjwa, akautia rangi, akautazama kwa hadubini. Akagundua namna mbili. Katika macho yaliyougua vikali aliona vijidudu vinavyofanana na vile vya kisonono; katika yale yaliyougua kwa upole zaidi aliona vijiti vidogo sana. Mwaka wa 1886 daktari mmoja wa New York, jina lake Weeks, alivieleza vijiti hivyo kwa ukamilifu zaidi, na kwa muda mrefu viliitwa kwa majina ya wote wawili. Chanzo cha ugonjwa wa vikope Koch hakukipata. Dalili zake za kwanza zilionwa na wengine mwaka wa 1907. Lakini njia aliyoifungua ilikuwa ya kweli: tambua kwanza, kisha tibu.

Walakini mtu mkubwa huweza kuisahau njia yake mwenyewe. Mwaka wa 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla haijajaribiwa vya kutosha. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa matumaini, lakini dawa haikuwaponya, na wengine walizidiwa. Hiyo ilikuwa aibu kubwa kwake.

Kisha akaja Afrika ya Mashariki mara kadhaa. Mwaka wa 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, akichungua malaria na magonjwa ya wanyama. Mwaka wa 1905 alichungua homa ya papasi, akaonyesha jinsi papasi walio katika vibanda vya njia za misafara wanavyoichukua. Mwaka huo huo akapewa nishani ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Safari yake kubwa ya mwisho katika nchi hizi ilikuwa ya mwaka wa 1906 na 1907. Wakati huo malale yalikuwa yakiangamiza watu kando ya ziwa Victoria Nyanza. Koch na wenzake walianza Mwanza, kisha wakavuka mpaka visiwa vya Sese, katika Uganda. Huko wagonjwa wakaja kwa mamia. Madaktari wakawapima kwa kuchoma sindano katika matezi ya shingo, na kutazama maji yake kwa hadubini. Walipovikuta vijidudu vya malale, wakatia mwilini dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki.

Mwanzoni furaha ilikuwa kubwa. Vijidudu vilitoweka katika matezi, na watu waliobebwa kwa machela wakaweza kutembea tena. Lakini baada ya muda vijidudu vikarudi. Basi Koch akaamua kukiongeza kipimo cha dawa, akitumaini kuvimaliza kabisa. Hapo yakatokea mabaya. Wagonjwa wakaumwa na tumbo na kushikwa na kizunguzungu, kisha macho ya wengine yakaanza kupoteza nuru. Watu 22 wakapofuka, wala nuru yao haikurudi tena. Dawa ilikuwa imeuharibu mshipa wa fahamu uendao kutoka jichoni mpaka kwenye ubongo. Ubaya wa ajali ya namna hii ni kwamba jicho kwa nje huonekana zima. Anayetaka kuuona mshipa ule hana budi kutazama ndani kwa kioo cha kupimia macho, ambacho Helmholtz wa Ujerumani alikitangaza mwaka wa 1851.

Koch akakiacha kipimo kile kikubwa, akarudia cha kwanza. Lakini kwa wale 22 ilikuwa imechelewa. Walikuwa wamekuja kutafuta uzima, wakarudi wakiongozwa kwa mkono. Leo sheria ya uganga yataka mgonjwa aelezwe hatari ya dawa inayojaribiwa, naye akubali au akatae kwa hiari yake. Sharti hilo halikuwalinda watu wa Sese, waliokuwa chini ya utawala wa kigeni.

Koch alirudi kwao mwaka wa 1907, akafa tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden. Wanaoeleza maisha yake hawana haki ya kuificha sehemu moja. Aliyewafundisha watu kutambua ugonjwa kabla ya kuutibu ndiye huyo huyo aliyeharakisha dawa mara mbili, na wenye kulipa walikuwa wagonjwa. Mafundisho yake yamekuwa ya faida, na makosa yake pia ni mafundisho.

Kwa hiyo mganga wa Tunduma anapoupindua ukope wa mtoto, na kumwuliza mama yake maneno mengi kabla ya kutoa dawa, mama asione kwamba anacheleweshwa. Haraka haraka haina baraka, na jicho likipofuka halina badala yake.

MASWALI
1. Koch aliviotesha vijidudu vya kimeta katika kitu gani?
2. Aligundua nini juu ya ugonjwa wa macho huko Misri?
3. Kwa nini aliongeza kipimo cha dawa katika visiwa vya Sese, na yalitokea mambo gani?
4. Mgonjwa wa leo ana haki gani ambayo haikuwalinda watu wa Sese?