Shah Waliullah wa Delhi

Sisi wanafunzi twaijua taabu ya kufasiri. Ukifuata neno kwa neno, mwalimu atakuambia hicho si Kiswahili. Ukishika maana tu, atakuuliza maneno mengine umeyapeleka wapi. Mtu mmoja wa Bara Hindi aliingia katika taabu hiyo hiyo, na kitabu alichokuwa akikifasiri ni Kurani.

Jina lake Shah Waliullah. Alizaliwa mwaka 1703, miaka minne kabla ya kufa kwake Mfalme Aurangzeb. Baba yake, Shah Abdur Rahim, alikuwa mwanachuoni mwenye madrasa yake mjini Delhi. Mtoto alihifadhi Kurani yote akiwa na umri wa miaka saba. Baba yake alipofariki mwaka 1719 aliachiwa kazi ya kufundisha, naye ni kijana wa umri wa wengi wetu hapa. Mwaka 1731 alihiji Makka, akasoma Hadithi kwa masheikh wa Madina, kisha akarudi kwao mwaka 1732.

Siku zile Kiajemi ndicho kilichokuwa lugha ya dola na ya barua katika Delhi. Watoto wa askari na wa mafundi walijifunza kukisoma, lakini Kiarabu hawakuwa na nafasi ya kukisoma miaka na miaka. Kurani waliisoma kwa sauti nzuri, maana wasiijue. Hao ndio aliowakusudia Shah Waliullah. Alizitazama tafsiri zilizokuwapo, asiridhike nazo: nyingine ndefu mno, nyingine fupi hata zaharibu maana.

Yeye hakuwa wa kwanza. Miaka mia nane hivi kabla yake, Mansur bin Nuh, mfalme wa Bukhara, aliwakusanya wanavyuoni akawauliza kama yafaa kuiweka Kurani katika Kiajemi. Walipojibu kuwa yafaa, kazi ikaanza. Kwa hiyo maneno mengi yalikuwa tayari: sala Waajemi huiita namaz, na saumu huiita ruza. Hayo hayana shida.

Shida ni maneno kama takwa. Ndani yake mna kumcha Mungu na mna kujilinda. Wafasiri wa Kiajemi wamezoea kuweka parhizgari, yaani kujiepusha. Kujilinda kumeingia, hofu imebaki nje ya mlango. Tazama tena Rahman na Rahim. Kwa Kiarabu ni ndugu wa shina moja, hata sikio lasikia. Katika Kiajemi huwa bakhshayanda na mihraban: maneno mazuri yote mawili, lakini udugu umekatika.

Tena yako maneno yaliyohamia Kiajemi zamani na kubadilika tabia, nayo ndiyo yenye hila zaidi. Neno fitina sisi pia tumelichukua, na kwetu ni kuchonganisha watu. Kwa Waajemi ni ghasia na maasi. Lakini Kurani inaposema kuwa mali na watoto ni fitina, maana yake ni mtihani. Mfasiri akiliacha vile vile kwa kuwa msomaji analijua, amempoteza.

Shah Waliullah alieleza kwamba wengine huandika neno chini ya neno, na wengine husimulia jumla ya maana. Yeye alizichanganya njia hizo mbili, akajitahidi Kiajemi chake kisiwe kirefu kuliko Kiarabu chenyewe. Pia aliandika kijitabu cha kanuni za kufasiri. Kwa maoni yangu kijitabu hicho chastahili kujulikana zaidi.

Tafsiri yake, Fath al-Rahman, ilimalizika mwaka 1738. Miezi michache tu baadaye, Machi 1739, Nadir Shah wa Uajemi aliingia Delhi na jeshi lake, watu wengi wakauawa na hazina ikachukuliwa. Mtu anayesema lugha ile ile ya kitabu ndiye aliyeuharibu mji. Shah Waliullah aliendelea kufundisha humo humo mpaka alipofariki mwaka 1762.

Baada yake Kiajemi kilianza kupungua na Kiurdu kikapanda. Wanawe wawili wakaifasiri Kurani kwa Kiurdu: Shah Rafiuddin alifuata neno kwa neno, na Shah Abdul Qadir, aliyemaliza yake mwaka 1790, alifuata usemi wa watu wa Delhi.