George Westinghouse: Bwana breki za upepo aliyeshindwa mahakamani

Lori lililosheheni magunia ya karafuu linapoteremka vilima vya Pemba kuelekea bandari ya Mkoani, roho za watu na mali ya mkulima vimo mikononi mwa breki za upepo. Chimbuko la breki hizo ni treni za Marekani, na jina linalotajwa kwanza ni la George Westinghouse, mtoto wa mtengeneza zana za kilimo.

Alizaliwa mwaka 1846 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa na karakana ya mashine za kupura nafaka mjini Schenectady, na humo ndimo kijana alimojifunza ufundi. Hataza ya kwanza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, aliipata mwaka 1865, akiwa na miaka 19.

Enzi hizo treni ilisimamishwa na vijana waliokimbia juu ya mabehewa wakikaza breki kwa mkono, behewa moja baada ya jingine. Wengi walianguka na kufa. Westinghouse alisoma habari za mashine za upepo ulioshindiliwa zilizokuwa zikitoboa mlima kati ya Ufaransa na Italia, akaona upepo huo unaweza kukaza breki pia. Hataza ilitoka Aprili 1869, na mwaka huohuo akafungua kampuni mjini Pittsburgh.

Kifaa hicho kilikuwa na kasoro: bomba likipasuka, breki hakuna. Mwaka 1872 aligeuza mambo. Kila behewa lilipewa tangi lake, na upepo ukipungua katika bomba kuu, breki zinajikaza zenyewe.

Kesi ilitokana na vali ya mwaka 1887. Katika treni ndefu za mizigo, breki za nyuma zilichelewa kushika, mabehewa yakagongana. Vali mpya iliruhusu upepo wa bomba kuu kuingia moja kwa moja kwenye breki za kila behewa wakati wa dharura. Kampuni ya Boyden ya Baltimore ikatengeneza vali nyepesi zaidi iliyotoa matokeo yaleyale. Westinghouse akashitaki. Mahakama ya kwanza ilimpa ushindi kwa sehemu, ya rufaa ikautengua, na Mei 1898 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wakiwa wamegawanyika, ikaamua kwamba vali ya Boyden, hata kama ililingana na maneno ya hataza, ilifanya kazi kwa namna tofauti kabisa.

Ni sawa na fundi wa Chake Chake aliyesajili kikaushio cha karafuu: hawezi kumzuia jirani kukausha karafuu, ila kutumia njia aliyoisajili yeye.

Hukumu haikumfilisi. Tangu 1893 sheria ilikuwa imeyalazimisha mashirika ya reli kufunga breki zinazoendeshwa na dereva, na soko lilikuwa kubwa. Pigo kubwa zaidi lilikuja na msukosuko wa fedha wa 1907, alipopoteza udhibiti wa kampuni yake ya umeme. Alifariki Machi 1914, akiwa na hataza zaidi ya 300.