DAKTARI ATIMAN: MTUMWA ALIYECHAGUA KUWA MTUMISHI



Kijana mwenzangu, leo nakuletea maisha ya Adrian Atiman. Wengine tumelisikia jina lake kwa sababu ya hospitali ya jimbo kule Sumbawanga, lakini mwenyewe hatumjui. Twende pamoja.

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alikamatwa na wateka watumwa, akavushwa jangwa la Sahara kama mzigo wa biashara. Huko Algeria Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, walimnunua ili wampe uhuru. Wakamsomesha, akabatizwa, halafu akapelekwa kisiwa cha Malta kusomea udaktari. Alimaliza mwaka 1888.

Hebu simama hapo kidogo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, msomi, anajua lugha, ana taaluma ambayo Waafrika wachache sana wa wakati ule walikuwa nayo. Tena ana kidonda moyoni: alinyang'anywa wazazi na kwao. Mtu wa namna hiyo angekuwa na kila sababu ya kusema, sasa na mimi nihudumiwe. Atiman hakwenda huko. Alipanda meli kuja Afrika Mashariki, akafunga safari ndefu ya msafara kutoka pwani hadi Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Akafika mwaka 1889.

Karema ya siku zile haikuwa na hospitali ya maana. Misheni ilikuwa ndani ya ngome ya zamani waliyoiacha Wabelgiji, na biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea kuzunguka ziwa lile. Yaani yule aliyeuzwa utotoni alikuja kuwafunga vidonda watu waliokuwa wakiishi na hofu ileile.

Na alikuja kama nani? Hakuwa padre wala bruda. Cheo chake kilikuwa daktari-katekista. Alitibu wagonjwa na alifundisha dini. Alioa binti wa chifu wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padre. Wamisionari walikuja wakaondoka, Wajerumani wakatawala wakashindwa, Waingereza wakashika nchi, vita vikuu viwili vikapita. Atiman alikuwa palepale. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya utumishi mahali pamoja.

Ndugu yangu, miaka 67! Sisi tukipewa zamu ya kufagia kanisa Jumamosi mbili mfululizo tunaanza kuuliza kwa nini ni sisi tu.

Tuambiane ukweli. Hapa kwetu Makuyuni, kama ilivyo vigango vingi, ukisema unataka kuwa katekista wenzako wanacheka. Wanaona ni kazi ya mzee mwenye baiskeli. Kwenye uchaguzi wa VIWAWA tunagombania uenyekiti, lakini jumuiya ikipanga kwenda kumchotea maji bibi mgonjwa, simu zinazimwa. Na akisoma mtu kidogo, kurudi kijijini anaona aibu.

Atiman anatufundisha kwamba unyenyekevu sio kujidharau. Yeye hakuitupa elimu yake wala hakujifanya hajui. Aliichukua yote akaiweka mikononi mwa wagonjwa wa Karema. Hivyo ndivyo alivyofanya Bwana wetu usiku ule wa Alhamisi Kuu: alijua kabisa yeye ni nani, na bado akajifunga kitambaa akawaosha mitume miguu.

Pia anatufundisha kuwa kidonda cha zamani sio tiketi ya kuwaumiza wengine. Kinaweza kuwa mlango wa huruma, ukimruhusu Mungu apitie hapo.

Kwa hiyo wiki hii fanya jambo moja tu. Chagua kazi ambayo hakuna anayeitaka pale kigangoni au nyumbani, uifanye bila kupiga picha wala kumwambia mtu. Na ukikutana na katekista wako, mshukuru.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekuja kutumikia, tuondolee kiu ya vyeo, utupe mikono isiyochagua kazi wala mtu. Amina.

Nakutakia wiki njema yenye baraka.